Kwa nini sebule kubwa haikaliki?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Tumehamia nyumba tuliyojenga wenyewe. Sebule ni kubwa, dari limekwenda juu hadi ghorofa ya pili, sakafu ni vigae vinavyong'aa, na ukuta mmoja mzima ni kioo. Kila mgeni anaisifu. Lakini sisi wenyewe hatukai humo. Watoto wanajibanza chini ya ngazi na vitabu vyao, mimi najikuta jikoni, na jioni tukijilazimisha kukaa sebuleni tunachoka na kukosana kwa vitu vidogo. Mume wangu anasema ni ugeni tu, tutazoea. Fundi anasema tubadili rangi. Je, kweli jengo linaweza kumbadilisha mtu hisia, au ni mawazo yangu?"

Dada, si mawazo yako, na wala si rangi. Mume wako ana sehemu ya ukweli, nitaifikia, lakini ugeni peke yake hauelezi kwa nini watoto wapite sebule nzima waende kukaa chini ya ngazi, mahali ambapo hakuna aliyewatengea. Kama ni ugeni tu unaowasumbua, wangekuwa wanatangatanga. Wao wamechagua, na wamechagua vizuri.

Niseme msimamo wangu mapema ili usome yanayofuata ukijua ninakoelekea. Watu wengi, wakiwemo wasanifu wenzangu, wanaamini kwamba hisia za chumba zinatokana na uzuri wake: ukubwa, mwanga, rangi, vifaa vya gharama. Uzuri una nafasi yake. Lakini mahali ambapo mtu anaishi kila siku, kinachoamua kama mwili wake utatulia ni uwezo anaopewa na chumba chenyewe: nani amwone, sauti gani imfikie, akae karibu na nani, ajitenge na nani na lini. Sebule yako inapendeza machoni, lakini aliyeketi ndani yake haamui hata kimoja kati ya hivyo.

Mtu akiingia chumbani, ubongo wake hauanzi kwa kuuliza kama kinapendeza. Unaanza kwa kujua uko wapi na kuta ziko wapi. Mwaka 1971 John O'Keefe na mwenzake walionyesha kwamba katika ubongo wa panya kuna seli zinazoamka mnyama anapofika mahali fulani mahususi. Mwaka 2014 O'Keefe alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser kwa kazi za namna hiyo. Watafiti wengine wakapata seli zinazoamka mnyama akiwa karibu na ukuta au ukingo. Sitadai kwamba panya anatueleza pa kuweka kochi. Ninachosema ni kwamba ukuta ni habari ambayo mwili unaitafuta bila kuambiwa, na kochi lililowekwa katikati ya ukumbi mpana linamnyima aliyeketi habari hiyo upande uleule ambao hana macho.

Mwanajiografia wa Uingereza, Jay Appleton, alitoa mwaka 1975 wazo ambalo wasanifu tunalitumia hadi leo: binadamu huvutiwa na mahali anapoweza kuona mbali huku yeye mwenyewe akiwa amefichika. Anahitaji vyote viwili kwa pamoja. Pale chini ya ngazi pana vyote: dari limeshuka, mgongo umeegemea ukuta, mbele pako wazi, na anayeingia mlangoni wanamwona kabla yeye hajawaona.

Sasa uchunguze ule ukuta wa kioo, maana nadhani ndio unaowakosanisha jioni. Mchana kioo kinafanya kazi yake: mko ndani, mnaona nje, na kwa kuwa nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani, aliye nje haoni vizuri yaliyo sebuleni. Jua likizama na mkawasha taa, mambo yanageuka. Ndani kuna mwanga, nje kuna giza. Mkitazama kioo mnaona taa zenu, makochi yenu na nyuso zenu, na ng'ambo yake hamwoni kitu. Aliye nje anawaona nyote waziwazi. Hata kama uzio ni mrefu na hakuna mtu yeyote bustanini, mwili hauna namna ya kulihakikisha hilo. Unakaa macho. Saa mbili tatu za kukaa macho bila sababu ya kutajika zinamchosha mtu, na aliyechoka hakawii kugomba.

Kuhusu dari. Wageni wanasifu sebule yenu kwa haki kabisa, na utafiti uko upande wao. Oshin Vartanian na wenzake walichapisha mwaka 2015 majaribio ambamo watu walionyeshwa picha za vyumba huku ubongo wao ukichunguzwa kwa mashine. Vyumba vya dari lililo juu vilionekana vizuri zaidi kuliko vya dari la chini. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Joan Meyers-Levy na Rui Zhu waliwapa watu kazi za kufikiri katika vyumba vya dari la takriban mita 2.4 na vya mita 3. Waliokuwa chini ya dari la juu walielekea kufikiri kwa upana na kuunganisha mambo, na waliokuwa chini ya dari la chini walishughulika zaidi na kitu kimojakimoja. Kwa hiyo dari la juu si kosa. Lina kazi yake, na ninyi mmelipa kazi ambayo si yake.

Kazi yake utaielewa ukilifikiria jengo la Pantheon mjini Roma, lililokamilika zama za Kaizari Hadrian, miaka ya 120 baada ya Kristo. Kuba lake lina kipenyo cha mita 43 na ushei, na kutoka sakafuni hadi juu ni urefu uleule, kiasi kwamba mpira mzima ungeweza kukaa ndani. Juu kabisa kuna tundu la duara lisilo na kioo. Jua linaingia hapo kama duara moja la mwanga linalotambaa ukutani kadiri siku inavyosonga, na mvua nayo inaingia, ndiyo maana sakafu imetobolewa matundu ya kupitishia maji. Anayeingia humo anapunguza hatua, anainua uso, anashusha sauti. Anajiona mdogo, na anafurahia kujiona mdogo, kwa sababu baada ya nusu saa atatoka. Hisia hiyo inafaa hekalu, kanisa, msikiti, mahakama na stesheni kubwa ya treni. Mtu anayetaka kuvua viatu na kumsikiliza mtoto akisimulia siku yake ya shule haihitaji.

Ufinyu nao una faida zake. Ukumbi wa Bunge la Uingereza, ule wa wabunge wa kuchaguliwa, uliteketezwa kwa mabomu mwaka 1941. Ulipojengwa upya, Winston Churchill alisisitiza ubaki mdogo, usiotosha wabunge wote kukaa kwa wakati mmoja. Hoja yake ilikuwa kwamba ukumbi mkubwa ungekuwa mtupu siku nyingi na mjadala ungepoa. Hadi leo una viti takriban 427 kwa wabunge 650. Siku za kawaida watu wachache wanazungumza bila kuonekana kama wamepotea, na siku ya jambo zito ukumbi unafurika na kila mmoja anahisi uzito wake. Watu wanne katika ukumbi wa mita 6 kwenda juu wanahisi kinyume chake.

Kitu ambacho hukukitaja, na ambacho ningekiangalia kwanza, ni sauti. Mwaka 1895 mwanafizikia kijana wa Harvard, Wallace Sabine, aliombwa arekebishe ukumbi wa mihadhara wa Fogg uliokuwa mpya na usiofaa kitu: neno likitamkwa lilikuwa likisikika kwa zaidi ya sekunde 5, hivyo maneno mengine mengi yalikuwa yamekwisha kutamkwa juu yake kabla halijafifia. Sabine alikuwa akifanya kazi usiku wa manane, mji ukiwa umelala. Alitumia filimbi ya kinanda, saa ya kupimia, na mito ya kukalia aliyoazima kwenye ukumbi wa Sanders ulio karibu. Akaongeza mito, akapima, akaongeza tena, akapima. Hapo akaipata kanuni tunayoitumia mpaka sasa: muda wa mvumo, yaani muda ambao sauti huendelea kusikika baada ya kutolewa, huongezeka kadiri ujazo wa chumba unavyoongezeka, na hupungua kadiri vitu vinavyonyonya sauti vinavyoongezeka.

Tuitumie kwako. Tuseme sebule yenu ni mita 6 kwa 7, na dari liko mita 6 juu. Ujazo ni mita za ujazo 252. Kigae, lipu ngumu na kioo vinanyonya sauti kidogo mno. Kwa makadirio yangu, mvumo wenu unazidi sekunde 2. Kwa kulinganisha, viwango vya Marekani vya madarasa ya kawaida vinataka usizidi sekunde 0.6. Maana yake kwenu ni hii: kijiko kikianguka jikoni mnakisikia wote, runinga ikiwashwa anayezungumza anapaza sauti, mwenzake anamjibu kwa sauti ya juu zaidi, na mtoto anayemsikia mzazi akizungumza hivyo anadhani amegombezwa. Hakuna aliyekasirika. Chumba kimempandisha kila mmoja sauti, na sauti iliyopanda imeleta hasira nyuma yake.

Usidharau hilo. Mwaka 1975 Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walichapisha utafiti wa shule moja ya New York iliyokuwa kando ya reli ya juu. Madarasa ya upande mmoja yalielekea treni, ya upande wa pili yalikuwa na utulivu. Watoto wa upande wa treni walikuwa nyuma katika kusoma, na katika darasa la sita pengo lilikaribia mwaka mzima. Baadaye reli ikawekewa mipira ya kupunguza kishindo, madarasa yakawekewa dari la kunyonya sauti, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1981 ukakuta pengo limetoweka. Ilikuwa shule ileile, iliyogawanywa na korido tu.

Na hapa narudi kwenye uwezo wa kuamua, maana kelele yenyewe si hadithi yote. David Glass na Jerome Singer, katika majaribio waliyoyakusanya kitabuni mwaka 1972, waliwapigia watu kelele kali zisizotabirika huku wakifanya kazi. Kundi moja lilipewa kitufe cha kuzima kelele na kuombwa lisikitumie bila haja. Wengi hawakukigusa, kwa hiyo makundi yote mawili yalisikia kelele zilezile. Lakini baadaye, walipopewa mafumbo magumu na maandishi ya kusahihisha, waliokuwa na kitufe walivumilia zaidi na kukosea kidogo. Kujua tu kwamba naweza kuizima kelele kulimpunguzia mtu mzigo wake.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika fani hii ni wa Andrew Baum na Stuart Valins, uliochapishwa mwaka 1977, kuhusu mabweni ya chuo. Baadhi ya wanafunzi waliishi kwenye korido ndefu, wengine katika makundi madogo ya vyumba. Nafasi ya kila mmoja ilikaribiana. Tofauti ilikuwa kwamba wa korido ndefu, kila akitoka kwenda bafuni, alikutana na watu wengi asiowachagua. Hawa walilalamikia msongamano zaidi, wakajitenga zaidi, na kilichonishangaza nilipokisoma mara ya kwanza: walipopelekwa kwenye chumba cha kusubiri nje kabisa ya bweni, walikaa mbali zaidi na mtu wasiyemjua na kumtazama usoni kwa nadra zaidi. Jengo walikuwa wamelibeba ndani yao. Kisha mwaka 1980 Baum na Glenn Davis wakaonyesha upande wa matumaini. Walichukua korido moja ndefu, wakageuza vyumba vichache vya katikati kuwa mahali pa mapumziko, wakaweka milango, na korido moja ikawa mbili fupi. Wakazi wa hapo walihisi msongamano mdogo na wakajuana vizuri kuliko wa korido iliyoachwa ilivyokuwa. Milango michache, na maisha ya watu yakageuka. Ndiyo maana sikushauri kubomoa chochote.

Pengine utauliza kama hisia hizi zinaweza kupangwa kwa makusudi. Ndiyo, kwa pande zote mbili. Jumba la Makumbusho ya Wayahudi mjini Berlin, kazi ya Daniel Libeskind iliyofunguliwa mwaka 2001, lina mnara wa zege tupu, hauna joto la kupasha, mlango wake mzito unafungwa nyuma yako, na mwanga unapenya kwa ufa mwembamba juu kabisa. Karibu nao kuna bustani ya nguzo 49 zilizosimama kwenye ardhi iliyoinama. Unatembea na mizani ya mwili inayumba. Msanifu amechukua kila kitu nilichokueleza akakiondoa kimoja baada ya kingine, kwa sababu ndivyo alivyotaka mgeni aguswe na historia ile.

Upande wa pili ni hospitali ya kifua kikuu ya Paimio, Finland, iliyosanifiwa na Alvar Aalto na kukamilika mwaka 1933. Aalto alianza na jambo ambalo wengi hulisahau: mgonjwa analala chali. Kwa hiyo dari ndilo ukuta wake mkuu, akalipaka kijani kilichotulia. Taa akaziweka nje ya macho ya aliyelala. Joto likaelekezwa miguuni. Vyumba vilikuwa vya wagonjwa wawili, kila mmoja akawa na beseni lake la kunawia, na mabeseni yale yalichongwa ili maji yaangukie kwa pembe yasipige kelele na kumwamsha mwenzake. Ukitaka kujua usanifu wenye huruma unafananaje, usiangalie picha ya jengo hilo kwa nje. Fikiria beseni lile.

Jicho nalo hudanganyika kirahisi, na hilo linaweza kukusaidia. Katika Palazzo Spada, Roma, Francesco Borromini alijenga karne ya 17 ukumbi wa nguzo unaoonekana mrefu mara kadhaa kuliko ulivyo. Urefu wake halisi haufiki mita 10. Sakafu inapanda, dari linashuka na nguzo zinapungua kimo, na sanamu inayoonekana mwishoni kama mtu mzima haifiki mita 1. Ukubwa unaouona si lazima uwe ule wa vipimo, kwa hiyo sebule yenu inaweza kuhisiwa ndogo na ya karibu bila kusogeza ukuta hata mmoja.

Rangi nitaipitia haraka. Ina athari, lakini ndogo na isiyotabirika kuliko mafundi wanavyoahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilisemwa kwamba aina fulani ya waridi inapunguza ukali wa wafungwa, na magereza kadhaa yakapakwa. Utafiti uliofanywa kwa uangalifu katika gereza la Uswisi na kuchapishwa mwaka 2015 haukuona tofauti yoyote.

Dirisha ni habari nyingine, usije ukaning'inizia pazia zito kila mahali kwa sababu ya niliyosema juu ya kioo. Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 ulinganisho wa wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu walitazama miti, nusu ukuta wa matofali. Wa miti waliruhusiwa baada ya siku 7.96 kwa wastani, wa matofali 8.70, na wa miti walihitaji dawa kali za maumivu kwa nadra zaidi. Wagonjwa ni wachache, kwa hiyo usiufanye utafiti huo kuwa sheria, lakini tafiti nyingi zilizofuata zinaelekea upande huo. Isitoshe, mwanga wa asubuhi unapanga saa ya mwili na usingizi wa usiku. Mchana kioo chenu ni mali.

Mume wako anapata haki yake hapa. Watu huzoea, na jengo halimtawali mtu: familia yenye upendo hucheka hata kwenye chumba kibaya, na iliyovunjika haiponyeshwi na msanifu. Lakini kuna vitu mwili hauvizoei vizuri, na kelele isiyo na mpangilio pamoja na kuonekana bila kuona ni viwili kati yake. Mtu huacha kuvitaja, huku akiendelea kuvilipia.

Basi fanyeni hivi. Jioni moja, kila mmoja akae kwenye kila kiti kwa zamu, taa zikiwa zimewaka, aseme anaona nini na nyuma yake kuna nini. Kisha simama katikati upige makofi mara moja usikilize sauti inavyofifia. Fanya hivyohivyo chumba cha kulala, utaisikia tofauti mwenyewe. Baada ya hapo sogezeni makochi kwenye kona moja, migongo ikiwa ukutani, mlango ukiwa mbele yenu. Tandikeni zulia nene lenye kitambaa kizito chini yake, linalofika hadi chini ya makochi. Upande wa kona hiyo wekeni rafu ndefu ya vitabu, vitabu vikiwa vya vimo mbalimbali, maana vinatawanya sauti. Kioo kiwekeeni mapazia mazito yenye mikunjo mingi yatakayofungwa giza linapoingia, na asubuhi yafunguliwe yote. Taa kubwa ya darini izimeni jioni, tumieni taa mbili tatu za pembeni zilizo kwenye kimo cha aliyeketi; mwanga ukibaki chini, dari la mita 6 linapotelea gizani na mnabaki na chumba kinachowatosha.

Zikibaki fedha, mwite seremala awatengenezee kidari cha mbao, yaani dari dogo lililoshuka, juu ya kona hiyo, kama mita 2.3 kutoka sakafuni, kilichowambwa upande wake wa juu kitambaa kizito juu ya godoro jembamba la sufi ili kinyonye sauti. Na ile nafasi ya chini ya ngazi waachieni watoto, muwawekee taa nzuri ya kusomea. Fundi wa rangi aje mwisho kabisa, na aanze na zile mbao za kidari, kwa rangi iliyotulia isiyong'aa, kwa kuwa ndizo mtakazokuwa mkizitazama mkiegemea.